Nixon: Mtoto wa duka aliyeinuliwa na televisheni, ikamwangusha, kisha akaikimbia

Na Mwandishi Wetu

KATIKA vituo vingi vya mpakani, habari za kampeni humfikia mtu kwa njia mbili. Anayelinda mzigo wake usiku kando ya lori husikiliza redio. Aliyemaliza shughuli na kuketi hotelini akisubiri chai hutazama televisheni iliyotundikwa ukutani. Wagombea ni wale wale na maneno ni yale yale, lakini asubuhi wawili hao wakikutana kwenye foleni ya forodha kila mmoja huja na mshindi wake.

Msomaji aliyerejea nyumbani baada ya miaka mingi ya ukimbizi anaujua uzito wa jambo hili. Kule kambini redio ndiyo ilikuwa gazeti, tena ndiyo ilikuwa bunge. Aliporudi akakuta wagombea wana sura, wana suti na wana mabango, naye akatakiwa apige kura.

Ubishi huu wa redio na picha una mzee wake. Ulizuka Marekani usiku wa Septemba 26, 1960, na mtu aliyeubeba hadi kaburini ni Richard Milhous Nixon, Rais wa 37 wa nchi hiyo. Wengi wanamkumbuka kwa kashfa ya Watergate iliyomng'oa Ikulu mwaka 1974. Lakini mwenye kutaka kujua kwa nini mwanasiasa huogopa mdahalo, na kwa nini kila anayeshindwa hulaumu waandishi wa habari, na ayafuate maisha ya mtu huyu tangu mwanzo.

Mboga za alfajiri

Nixon alizaliwa Januari 9, 1913 katika kijiji cha Yorba Linda, kusini mwa jimbo la California, ndani ya nyumba ndogo ya mbao ambayo baba yake, Frank, aliijenga mwenyewe. Mama yake, Hannah, alikuwa muumini wa dhehebu la Quaker, watu wanaothamini ukimya na kuchukia vita. Shamba lao la malimau halikulipa. Mwaka 1922 familia ikahamia mji wa Whittier, baba akafungua kituo cha mafuta na baadaye duka la vyakula.

Hapo ndipo Richard alipojifunza maisha. Akiwa kijana wa shule alikuwa akiamka yapata saa kumi alfajiri, anaendesha gari hadi soko la Los Angeles, anachagua mboga na kupatana bei, anarudi kuzipanga dukani, halafu ndipo anakwenda darasani. Mfanyabiashara anayevuka mpaka kabla ya jua kuchomoza ili awahi nyanya nzuri hahitaji kuelezwa zaidi.

Misiba nayo haikuwa mbali. Mdogo wake Arthur alifariki mwaka 1925, na kaka yake Harold akafariki mwaka 1933 kwa kifua kikuu baada ya kuugua miaka mingi. Ugonjwa ule ulikula fedha za nyumba. Richard alikuwa na akili za darasani na jina la chuo kikuu cha Harvard lilishatajwa, ila nyumbani hapakuwa na uwezo wa kumpeleka mbali hivyo. Akasoma chuo cha pale pale Whittier.

Chuoni alijulikana kwa jambo moja hasa, nalo ni mdahalo. Alikuwa hodari wa kujenga hoja, kumbana mpinzani na kukumbuka takwimu bila kutazama karatasi. Baadaye alisomea sheria katika chuo kikuu cha Duke, akamaliza mwaka 1937. Alitafuta kazi kwa mawakili wakubwa wa New York, hakupata. Akarudi Whittier akiwa wakili wa mji mdogo, na Juni 1940 akamuoa mwalimu aitwaye Pat Ryan. Wengi walioandika maisha yake wanakubaliana kwamba milango ile iliyofungwa ilimwachia donda. Tangu hapo alijiona mtoto wa duka anayedharauliwa na watoto wa matajiri.

Vita ilipofika alijiunga na jeshi la majini na kupelekwa Bahari ya Pasifiki. Huko alicheza karata kwa kamari na kushinda fedha si haba. Sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyomsaidia kuanza siasa mwaka 1946.

Magazeti yalipokuwa upande wake

Mwaka huo Nixon aligombea ubunge kwa tiketi ya chama cha Republican dhidi ya Jerry Voorhis wa chama cha Democratic, aliyekuwa amekaa bungeni karibu miaka kumi. Nixon alikuwa hajulikani, kwa hiyo akaomba kile ambacho kila mgombea asiyejulikana hukiomba: mdahalo wa ana kwa ana. Voorhis alikubali, nalo likawa kosa lake kubwa. Walikutana mara tano kwenye kumbi zilizojaa watu.

Katika mkutano wa kwanza, huko South Pasadena, Nixon alichomoa karatasi na kumwonyesha mpinzani wake kama ushahidi kwamba anaungwa mkono na kamati ya vyama vya wafanyakazi iliyodaiwa kuwa na Wakomunisti ndani yake. Ukweli ni kwamba zilikuwa kamati mbili tofauti zenye majina yanayofanana. Voorhis alianza kueleza tofauti hiyo polepole, watu wakaona anababaika. Nixon akashinda uchaguzi.

Tukumbuke jambo moja hapa. Gazeti kubwa kuliko yote kusini mwa California wakati ule, Los Angeles Times, lilikuwa likimuunga mkono Nixon waziwazi. Mwaka 1950, alipogombea useneta dhidi ya mwanamama Helen Gahagan Douglas, gazeti hilo lilikuwa tena upande wake. Katika kampeni hiyo watu wa Nixon walisambaza karatasi za rangi ya waridi zilizolinganisha kura za mama huyo bungeni na za mbunge wa mrengo wa kushoto, ili aonekane ni Mkomunisti wa kificho. Nixon alishinda kwa kishindo, lakini alitoka humo na jina la utani la mtu mjanja asiyeaminika, na jina hilo halikumtoka tena. Kwa ufupi, mtu aliyekuja kulalamikia upendeleo wa vyombo vya habari aliingia bungeni na Seneti akiwa amebebwa na chombo cha habari.

Kipo kisa kingine cha miaka hiyo. Aprili 21, 1947 wabunge wawili wapya walialikwa katika mji wa McKeesport, Pennsylvania, kujadili muswada wa sheria ya kazi mbele ya wananchi. Mmoja alikuwa Nixon. Mwingine alikuwa kijana mwembamba, mtoto wa tajiri wa Boston, aitwaye John Kennedy. Walijadiliana kwa heshima, kisha wakapanda treni moja ya usiku kurudi Washington wakilala chumba kimoja. Walibahatisha nani apate kitanda cha chini, na Nixon akakipata. Hakuna aliyejua kwamba wawili hao watakutana tena mbele ya taifa zima.

Televisheni inamwokoa

Mwaka 1952, Jenerali Dwight Eisenhower alimchagua Nixon kuwa mgombea mwenza. Alikuwa na umri wa miaka 39 tu. Septemba mwaka huo gazeti moja la New York likafichua kwamba matajiri wa California walimwekea Nixon mfuko wa fedha za shughuli za kisiasa, kiasi cha dola 18,000 hivi. Magazeti yakapamba moto, na ndani ya chama chake mwenyewe wakaanza kusema aondolewe.

Septemba 23, 1952 Nixon aliketi mbele ya kamera katika ukumbi mmoja wa Hollywood. Chama kililipa dola 75,000 kwa nusu saa hiyo. Alitaja mali zake moja baada ya nyingine: gari, deni la nyumba, koti la kawaida la mkewe. Halafu akasema ipo zawadi moja aliyopokea ambayo hatairudisha, nayo ni mbwa mdogo aliyeitwa Checkers, kwa sababu watoto wake wanampenda. Watu wapatao milioni 60 walimwona au kumsikia. Simu na barua za kumuunga mkono zikamiminika, na Eisenhower akambakiza.

Msomaji atazame vizuri jukwaa lile lilikuwaje. Hapakuwa na mpinzani wala mwandishi wa kumuuliza swali. Alikuwa peke yake na kamera, kwa muda ulionunuliwa. Nixon alitoka pale akiamini kwamba ameijua televisheni na kwamba anaweza kuwaruka waandishi akazungumza na wananchi moja kwa moja. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Nyayo zake Afrika

Akiwa Makamu wa Rais, Nixon alifika kwetu. Machi 1957 alihudhuria sherehe za uhuru wa Ghana, ambako alikutana na Martin Luther King, halafu akaendelea na ziara iliyompitisha Liberia, Uganda, Ethiopia na Sudan. Aliporejea alimshauri Rais wake kwamba Marekani iache kuitazama Afrika kupitia madirisha ya Ulaya, na mwaka 1958 wizara yao ya mambo ya nje ilianzisha idara ya Afrika inayojitegemea.

Afrika Mashariki iliingia hata katika kampeni ya 1960. Tom Mboya wa Kenya alikuwa akitafuta fedha za nauli za ndege kwa ajili ya wanafunzi waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani. Serikali ya Marekani ilikuwa imekataa. Julai 26, 1960 Mboya alikutana na Kennedy, na taasisi ya familia ya Kennedy ikakubali kutoa dola 100,000. Upande wa Nixon uliposikia, serikali iligeuka ghafla na kuahidi kiasi kama hicho, lakini ilikuwa imechelewa. Wanafunzi wakasafiri kwa fedha za Kennedy, na jambo hilo likazua mabishano Seneti kuhusu nani anatumia Waafrika kutafuta kura. Hata kabla ya mdahalo, basi, Nixon alikuwa ameanza kuachwa hatua moja nyuma.

Usiku wa Chicago

Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1934, kifungu cha 315, ilisema kwamba kituo kikimpa mgombea mmoja nafasi hewani, lazima kitoe nafasi sawa kwa wote. Ni sheria ya haki. Lakini wagombea wa vyama vidogo walikuwa wengi, na vituo havikutaka kuwapa wote saa nzima. Agosti 1960 bunge likaisimamisha sheria hiyo kwa kinyang'anyiro cha urais cha mwaka huo peke yake. Ndipo mdahalo wa watu wawili ukawezekana. Kwa maneno mengine, mdahalo wa kwanza wa urais kwenye televisheni ulianza kwa kuwafungia wengine mlango.

Nixon hakuwa na sababu kubwa ya kukubali. Alikuwa Makamu wa Rais kwa miaka minane na alijulikana kuliko Kennedy. Eisenhower mwenyewe alimwonya kwamba hakuna faida ya kumpa mpinzani jukwaa. Ila Nixon alikuwa bingwa wa midahalo tangu chuoni, na alikumbuka mbwa Checkers. Akakubali midahalo minne.

Mwezi Agosti aligonga goti kwenye mlango wa gari huko North Carolina. Goti likaota usaha, akalazwa hospitalini karibu wiki mbili. Alipotoka alikuwa amekonda, na badala ya kupumzika akakimbilia kampeni majimboni ili kufidia siku zilizopotea. Alifika Chicago akiwa mchovu, na aliposhuka kwenye gari nje ya studio aligonga tena lile goti.

Kennedy yeye alikuwa amepumzika na kufanya mazoezi ya maswali na wasaidizi wake. Alikutana mapema na mtayarishaji wa kipindi, Don Hewitt, akauliza atasimama wapi na kamera itamtazama vipi. Nixon hakwenda. Hewitt alipowauliza kama wanataka kupakwa vipodozi vya televisheni, Kennedy alikataa, kwani sura yake ilikuwa imekaushwa na jua. Nixon aliposikia mwenzake amekataa naye akakataa, asije akachekwa. Wasaidizi wake walimpaka poda ya kuficha ndevu tu. Suti yake ilikuwa ya kijivu na ukuta wa nyuma ulikuwa wa kijivu, televisheni zenyewe zikiwa za rangi nyeusi na nyeupe. Kennedy alivaa suti nyeusi iliyomtenga na ukuta.

Saa mbili na nusu usiku wa Chicago, msimamizi Howard K. Smith alifungua mjadala. Kila mmoja alipewa dakika nane za kufungua, kisha maswali ya waandishi wanne. Watu wapatao milioni 70 walitazama. Kennedy alipokuwa akijibu alitazama kamera, yaani alimtazama mtu aliyeketi nyumbani. Nixon alimgeukia Kennedy na waandishi, kama anavyofanya mtu mwenye kusaka pointi za mdahalo wa chuo. Taa zilikuwa kali. Jasho likamtoka juu ya mdomo na kidevuni, akajifuta kwa leso, na kamera ikamkuta akijifuta.

Mwandishi Sander Vanocur wa NBC alimkumbusha kwamba Rais Eisenhower, alipoulizwa mwezi Agosti ataje wazo moja kubwa la Nixon ambalo serikali ililitumia, alijibu kwamba apewe wiki moja ndipo alikumbuke. Ilikuwa ni kweli Eisenhower alisema hivyo. Lakini wafuasi wa Nixon waliona ni swali la kumchoma mtu mmoja mbele ya taifa, wala hapakuwa na swali la uzito huo kwa mwenzake.

Nani alishinda?

Kuna hadithi iliyosambaa dunia nzima: waliosikiliza redioni walimpa Nixon ushindi, waliotazama televisheni wakampa Kennedy. Ni hadithi tamu, na huenda ina chembe ya ukweli. Lakini wataalamu walioichunguza baadaye walikuta kwamba kura ya maoni inayotegemewa ilihoji wasikilizaji wachache mno wa redio. Tena watu wa mashambani, ambao wengi walikuwa hawajapata televisheni, walielekea chama cha Nixon hata kabla ya mdahalo. Kwa hiyo tusiape kwa hadithi hiyo. Tunachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba mtu aliyekuwa akidaiwa kuwa mchanga wa uongozi alisimama saa nzima karibu na Makamu wa Rais, na watu wakaona kimo chao ni kimoja.

Je, Nixon alionewa? Tupime bila mapenzi. Muda ulikuwa sawa kwa wote wawili. Vipodozi walipewa wote. Nafasi ya kukagua studio walipewa wote. Wamiliki wengi wa magazeti walitangaza kumuunga mkono Nixon, si Kennedy. Kwa upande mwingine, waandishi waliosafiri na misafara ya kampeni wengi wao walivutiwa na Kennedy, aliyewachangamkia, kuliko Nixon, aliyewakwepa. Mwandishi Theodore White, aliyeandika kitabu mashuhuri cha uchaguzi huo, hakuficha tofauti hiyo. Ikawa wahariri wako huku, wapiga habari wako kule.

Katika midahalo mitatu iliyofuata Nixon alikubali vipodozi na alifanya vizuri zaidi. Kabla ya ule wa pili, Oktoba 7 mjini Washington, watu wake waliomba studio ipozwe sana ili asitoke jasho, na watu wa Kennedy wakaja juu kutaka joto liongezwe. Katika ule wa tatu wagombea walikuwa miji tofauti, Nixon Los Angeles na Kennedy New York, na Nixon akalalamika kwamba mwenzake alisoma karatasi kinyume cha makubaliano. Lakini waliotazama midahalo hiyo walipungua.

Novemba 8, 1960 Kennedy alishinda kwa tofauti ya kura zisizozidi 120,000 kati ya kura zaidi ya milioni 68. Katika jimbo la Illinois tofauti haikufika 9,000, na wengi wa chama cha Nixon walidai kura ziliibwa. Nixon hakwenda mahakamani. Januari 6, 1961, akiwa Makamu wa Rais, alisimamia bunge likihesabu kura za majimbo na kumtangaza mpinzani wake kuwa mshindi. Hata wasiompenda humpa heshima kwa siku hiyo.

Uchungu unamgeuka

Mwaka 1962 aligombea ugavana wa California, akashindwa na Pat Brown kwa karibu kura 300,000. Asubuhi ya Novemba 7 alikuja mbele ya waandishi akiwa hajalala, akawalaumu kwa kumwandama na kuwaambia kwamba hawatakuwa naye tena wa kumpiga mateke. Ilionekana ndio mwisho wake. Siku chache baadaye, kituo cha televisheni cha ABC kilitangaza kipindi cha matanga ya kisiasa ya Nixon. Mtangazaji alikuwa yule yule Howard K. Smith aliyesimamia mdahalo wa Chicago, naye alimwalika mtu ambaye Nixon alimfichua miaka ya 1940 na akafungwa, Alger Hiss. Watazamaji wengi walikasirika, wakakipigia simu kituo kulalamika. Hapo Nixon alikuwa na haki ya kulalamika, na wananchi walimwonea huruma.

Miaka sita baadaye alirudi. Safari hii hakuiachia televisheni imtafute. Mwaka 1967 alikuwa amekutana na kijana mtayarishaji wa vipindi, Roger Ailes, na mwaka 1968 Ailes alimtengenezea vipindi ambamo Nixon alijibu maswali ya wananchi waliochaguliwa na watu wake, mbele ya ukumbi wa washangiliaji wake, waandishi wakiwekwa nje ya studio. Mpinzani wake, Hubert Humphrey, alimwita kwenye mdahalo na kumcheka kwa woga. Nixon alikataa. Kisingizio kilikuwa kifungu cha 315: mgombea wa tatu, George Wallace, naye angestahili nafasi. Sheria iliyowekwa kwa ajili ya usawa ikawa ngao ya kukwepa maswali. Akashinda kwa tofauti ndogo. Mwaka 1972 alikataa tena, na akashinda majimbo 49 kati ya 50.

Akiwa Ikulu aliwageukia waandishi. Novemba 1969 makamu wake, Spiro Agnew, alitoa hotuba kali dhidi ya vituo vya televisheni. Simu za waandishi kadhaa zilinaswa. Orodha ya maadui wa Rais iliandaliwa, na majina ya waandishi yalikuwemo. Juni 17, 1972 watu waliotumwa na kamati yake ya kampeni walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate. Mwaka 1973 kamati ya Seneti ilihoji mashahidi mbele ya kamera kwa wiki nyingi, na taifa likatazama. Kilichommaliza hasa hakikuwa gazeti. Zilikuwa kanda za sauti alizojirekodi mwenyewe ofisini, ambazo Mahakama Kuu ya nchi iliamuru azitoe. Agosti 9, 1974 akaondoka madarakani, Rais pekee wa Marekani aliyejiuzulu.

Mwaka 1977 alikaa na mtangazaji Mwingereza David Frost kwa mahojiano aliyolipwa dola 600,000. Hapo, mbele ya watu wapatao milioni 45, alikiri kwamba aliwaangusha wananchi wake. Hatimaye aliulizwa maswali ambayo kwa miaka mingi aliyakimbia. Alifariki Aprili 22, 1994 mjini New York, akazikwa Yorba Linda, hatua chache kutoka nyumba aliyozaliwa.

Somo kwetu

Baada ya 1960 Marekani haikuwa na mdahalo mwingine wa urais kwa miaka 16, hadi Ford na Carter mwaka 1976. Wagombea waliotangulia kwenye kura za maoni waliona kilichompata Nixon wakanyamaza.

Mambo hayo sasa yamo ndani ya mipaka yetu. Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa urais Februari 11, 2013 wakiwa wagombea wanane, baada ya mmoja wao, wakili Paul Muite, kwenda mahakamani kupinga kuachwa nje. Ni swali lile lile la kifungu cha 315. Mwaka 2017 Raila Odinga alijibu maswali peke yake kwa sababu Rais Uhuru Kenyatta hakufika, na mwaka 2022 William Ruto akabaki peke yake kwa sababu Raila hakufika. Uganda, Rais Yoweri Museveni hakuhudhuria mdahalo wa Januari 2016, kisha akahudhuria ule wa Februari. Aliyekimbia leo ndiye aliyelalamika jana.

Kwa hiyo, msomaji, mdahalo ujao ukitangazwa, usikimbilie kuuliza nani alishinda. Uliza kwanza nani aliwekwa nje na kwa kanuni ipi. Uliza maswali yalitungwa na nani, na kama kila mgombea alipata lake zito. Uliza kituo ni cha nani. Asiyekuja, uliza anaficha nini. Halafu ukiweza, siku moja tazama, na siku nyingine zima picha usikilize maneno peke yake. Mfanyabiashara mzuri hanunui gunia kwa kulitazama nje tu, wala kwa kusikia sifa zake. Hulifungua, akatia mkono ndani. Nixon, aliyechagua mboga sokoni kila alfajiri, alilijua hilo tangu utoto, lakini alipopata madaraka hakutaka wananchi wamfanyie yeye vivyo hivyo.